Baka la Muundini Lisifichwe

Miongoni mwa magonjwa yanayoandamana na kisukari upo mmoja usiojulikana sana, uitwao nekrobiosisi lipoidika. Ni nadra: katika wenye kisukari 1,000 huwapata takriban 3 tu. Lakini aghalabu wanaopatwa ni wanawake, na mahali pake ni muundini, panapositiriwa na nguo. Ndiyo sababu tumeona tuuzungumze.

Huanza kwa vipele vidogo visivyouma. Taratibu vipele huungana vikawa baka jekundu au la hudhurungi, katikati lina umanjano, na ngozi yake ni nyembamba inayong'aa kama iliyopakwa nta. Nyuzi zinazoishikiza ngozi zimeharibika, na kuta za mishipa midogo ya damu zimenenepa. Ngozi hiyo ni dhaifu. Kujigonga kwenye kitanda au kukwaruzwa na mbuzi ya nazi kwatosha kufungua kidonda, na kidonda cha mwenye kisukari hupona kwa taabu.

Husikitisha baka kama hili likiitwa ukoma, au kijicho, au mkono wa mtu, hata mke akatengewa kitanda na chombo. Maradhi haya hayaambukizi asilani, si kwa kugusana, si kwa nguo.

Basi, dada yetu, ukiliona usilikune wala usilipake dawa ya kuunguza, kwani kulijeruhi ni kulikuza. Nenda kwa tabibu, umwombe akupime sukari, maana baka huweza kutangulia kisukari kisichojulikana bado. Huenda akakupa krimu ya steroidi. Usitaraji lifutike upesi. La muhimu ni lisifunguke. Likifunguka, usikawie: vidonda vilivyokaa miaka, ingawa ni mara chache, huweza kugeuka saratani.

Wako wanaozuiwa na haya. Haya ni katika imani, lakini sharia imemruhusu mgonjwa kumfunulia tabibu mahali penye maradhi kwa kadiri ya haja, na tabibu wa kike akipatikana ndiye wa kwanza. Na anayehofia udhu wake ajue kuwa wajibu wa kuosha mguu hukomea kwenye vifundo, muundi haumo.

Nanyi waume, mke akivuta kanga kila mara kuficha mguu, msimdhanie vibaya. Muulizeni kwa upole, kisha mwende naye zahanati.

Wabillahi tawfiq.