Mtandao Haukukatika, Ulikatwa

Katika somo la mofolojia tunafundishwa mapema kutofautisha kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Kamba imekatika: imechakaa, imevutwa mno, hakuna wa kulaumiwa. Kamba imekatwa: kuna kisu, na kuna mkono ulioshika kisu. Wanafunzi wengi hujibu swali hilo vizuri kwenye mtihani, kisha wakitoka nje ya oditori wanalisahau. Kila mara intaneti inapozimwa nchini mwetu, nasikia watu wakisema "koneksioni imekatika", kama wasemavyo juu ya umeme siku ya mvua. Mimi nilisoma lugha, na sasa ninakula kwa kuandika programu za kompyuta. Kwa macho ya kazi zote mbili, naona kwamba kosa hilo la sarufi ni kosa la uraia pia.

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mfupi wa simu ulizuiwa nchi nzima kwa majuma kadhaa. Fikiri maana ya jambo hilo kwa mtu kiziwi, ambaye simu kwake ni maandishi tu. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga marekebisho ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilizimwa. Desemba 2016 ikawa zamu ya mitandao ya kijamii. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, intaneti ilizimwa tena siku za maandamano ya Wakatoliki walei. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipopita, kesho yake intaneti ikazimwa, na watu wakakaa karibu siku 20 bila kitu. Waliokaa mpakani walitafuta msaada kwa jirani: watu wa Goma na Bukavu kwa laini za Rwanda, watu wa Kinshasa kwa laini za Brazzaville. Waliokaa mbali na mpaka walingoja. Hakuna hata mara moja kati ya hizo ambapo kebo ilizeeka ghafla.

Swali linalonisumbua kama mwandishi wa programu ni hili: kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Intaneti ilibuniwa na watu waliofikiria sana jinsi ya kuishi baada ya kukatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paul Baran wa shirika la RAND, Marekani, alichora mtandao wa mawasiliano usio na kitovu, ili bomu likivunja sehemu moja, ujumbe upite njia nyingine. Donald Davies wa Uingereza alifikia wazo lile lile la kugawa ujumbe katika vipande vidogo, akaviita paketi. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta mbili za California zilijaribu kusemezana kupitia ARPANET. Neno lililotumwa lilikuwa "login". Zilipita herufi mbili tu, l na o, kisha mtambo wa upande wa pili ukaanguka. Watu wakautengeneza, wakajaribu tena usiku ule ule.

Kuna sehemu nyingine ya historia hiyo ambayo inatuhusu zaidi sisi wa nchi ya umeme wa mgao. Kabla intaneti haijaenea, mashine nyingi za vyuo vikuu hazikuunganishwa muda wote. Mfumo wa UUCP, ulioandikwa Bell Labs katika miaka ya 1970, uliziwezesha kompyuta za Unix kupigiana simu usiku, wakati simu ni rahisi. Mashine moja iliikabidhi nyingine barua zake, nyingine ikazibeba hadi ya tatu, kama abiria wa lori anayepelekewa bahasha aifikishe kijijini. Kwa njia hiyo wanafunzi wa Duke na wa North Carolina walianzisha Usenet, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1980. Mwaka 1984 Tom Jennings akaanzisha FidoNet, ambayo watu wa kawaida waliiendesha kwa kompyuta za nyumbani. Barua ingeweza kuchukua siku mbili au tatu, lakini kukatika kwa laini hakukuwa msiba. Mashine ilitunza barua hadi laini irudi. Aliyetaka kuwanyamazisha wote angelazimika kubisha hodi kwenye mlango wa kila mmoja.

Neno letu "mtandao" linatokana na kutanda, kutandaa. Linasema juu ya kitu kilichoenea pande zote kama utando wa buibui. Ukivunja uzi mmoja, buibui bado anapita. Lakini tazama tulicho nacho leo. Karibu sote tunaingia kupitia simu, kwa kampuni chache za simu, na kila kampuni imepewa leseni na Serikali. Barua zetu, picha zetu na maandishi yetu yamelala kwenye mashine za kampuni chache za ng'ambo. Barua moja kutoka wizarani kwa wakurugenzi wachache inatosha kuzima nchi. Kitu hiki bado tunakiita mtandao, lakini kwa umbo kimekuwa kamba, na kamba ina mwenyewe.

Wengine watasema kwamba Serikali ilifuata sheria. Ni kweli kwamba sheria namba 013/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 46, iliiruhusu Serikali kuzuia matumizi ya mitambo ya mawasiliano, yote au sehemu, kwa sababu kama za usalama wa umma, na kwa muda inaoupanga yenyewe. Nawaomba wanaisimu wenzangu wasome maneno hayo ya mwisho kama wanavyosoma matini. Kitenzi kina mtendaji mmoja, naye ndiye mwamuzi wa sababu, wa kiasi, na wa muda. Sheria hiyo ilifuatwa na nyingine, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, kisha mwaka 2023 ikaja kodi ya mambo ya dijitali. Lakini juu ya zote imo Katiba ya 2006: kifungu cha 23 juu ya uhuru wa kutoa maoni, cha 24 juu ya haki ya kupata habari, cha 31 juu ya siri ya mawasiliano. Raia anayesema "imekatika" hana la kuuliza. Anayesema "imekatwa" anaweza kuuliza: na nani, kwa kifungu gani, hadi lini?

Kuna hoja moja upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza. Mashariki ya nchi yetu maneno yameua. Uvumi unaotaja kabila la mtu unaweza kumfikia kijana mwenye panga kabla haujawafikia wazee wa mtaa. Anayesema "afadhali tuzime kwa siku tatu kuliko kuzika watu" anastahili jibu. Jibu langu ni kwamba kuzima mtandao hakuzimi uvumi. Uvumi ulikuwepo kabla ya simu, nao unatembea kwa miguu, kwa pikipiki na sokoni. Kinachozimwa ni masahihisho: mwandishi wa habari anayeweza kusema picha hii ni ya nchi nyingine, dada anayeweza kusema sisi tuko salama, daktari anayetafuta damu. Mtu aliyechochea mauaji ana jina, na sheria ya jinai inamjua. Kumwadhibu pamoja na mamilioni ya watu wasio na hatia ni kama mwalimu anayefunga shule nzima kwa sababu mwanafunzi mmoja ameandika matusi ubaoni.

Wala nisiwasifu wa kale kupita kiasi. Mtandao wao ulikuwa wa watu wachache, wengi wao wa nchi tajiri, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Jedwali la herufi la ASCII, la mwaka 1963, lina nafasi 128 tu. Kiswahili kilipita humo bila shida, kwa bahati ya tahajia yake isiyo na alama juu ya herufi. Kilingala kinachoandikwa kwa ɛ na ɔ hakikupita; wala Kiluba chenye alama za toni. Ilibidi tungoje hadi 1992, wakati Ken Thompson na Rob Pike walipobuni UTF-8, ambayo ina nafasi kwa herufi za lugha zote na bado inasoma faili za ASCII za zamani bila kubadilisha chochote. Hilo ndilo ninalolipenda katika kazi ya wazee hao wa kompyuta: waliongeza chumba bila kubomoa nyumba. Leo programu ya simu ikibadilishwa, maandishi ya miaka mitatu iliyopita hayafunguki.

Nasema haya kwa kitivo cha lugha kwa sababu sisi tuna cha kupoteza. Rekodi za hadithi za bibi zetu, methali zilizokusanywa vijijini, TFC na memwari za wanafunzi, orodha za maneno ya Kiswahili cha Katanga, cha Kivu na cha Kisangani: mara nyingi viko kwenye simu ya mtu mmoja au katika kundi la WhatsApp. Mega zikiisha, havionekani. Mtandao ukikatwa, havionekani. Simu ikiibiwa, vimekufa. Tunalia kwamba Wazungu walipeleka kumbukumbu zetu Tervuren, na sisi wenyewe tunapeleka zilizobaki kwenye mashine ambazo hatujui hata ziko mji gani.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji mfadhili.

La kwanza, maktaba ya kitivo iwe na kompyuta yake ndogo, ya aina ile isiyozidi ukubwa wa kiganja, inayotumia Linux na kuwashwa kwa betri umeme unapokosekana. Itoe Wi-Fi ndani ya jengo tu. Mwanafunzi akiingia, asome memwari, asikilize rekodi, afungue kamusi, na hata Wikipedia nzima ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, bila mega hata moja. Kitu hicho hakizimwi kwa barua kutoka Kinshasa, kwa sababu hakijaunganishwa na Kinshasa.

La pili, kila kazi itunzwe pia kama maandishi matupu ya UTF-8, na katika nakala tatu: moja kwenye kompyuta hiyo, moja kwenye flashi kwa mkuu wa idara, moja katika chuo kikuu kingine. Wa Lubumbashi wabadilishane na wa Bukavu, wa Bukavu na wa Kisangani. Flashi iliyofungwa vizuri katika mfuko wa msafiri ndiyo UUCP yetu. Inachelewa, lakini inafika.

La tatu, walimu wetu watupatie saa chache za kujifunza kuiamuru kompyuta kwa maneno yaliyoandikwa, kama walivyofanya watumiaji wa Unix. Msiogope, ni lugha, ina sarufi yake, na sisi ndio watu wa sarufi. Kwa amri ndogo iitwayo grep, iliyoandikwa na Thompson huyo huyo katika miaka ya 1970, mwanafunzi anaweza kutafuta katika maandishi ya kurasa elfu kila neno linaloishia na -ika au -wa, kisha yeye mwenyewe achambue vitenzi vya kutendeka na vya kutendwa. Kazi ya kukusanya mifano, iliyomchukua mtu mwezi mzima kwa kalamu, inakwisha kabla chai haijapoa. Na mtu aliyewahi kuiamuru mashine hadanganyiki kirahisi akiambiwa kwamba mashine imeamua yenyewe.

Mambo haya hayachukui nafasi ya kudai haki. Kompyuta ndogo ya maktaba haimsaidii mama wa Kalemie anayetaka kujua kama mwanawe yuko hai. Kwa ajili yake inabidi wanasheria wadai mahakamani, waandishi waandike, na sisi tuandike nao, tena kwa lugha ambayo mama huyo anaisoma. Tumeona kwamba kudai kunaweza kufaa: ada ya RAM, iliyokuwa ikikatwa kwenye krediti za simu tangu 2020, ilifutwa mwaka 2022 baada ya wananchi na wabunge kuipigia kelele. Waliokatwa krediti walijua kwamba wamekatwa, wakasema hivyo kwa sauti.

Uchaguzi ujao unatarajiwa mwaka 2028. Kitivo kina muda wa kutosha wa kununua kompyuta moja, kukusanya memwari zilizotawanyika kwenye simu za watu, na kufundisha kundi moja la wanafunzi. Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao wa kitivo. Kazi ya kuipanga mashine na kuingiza programu zake nitaifanya mimi, bila malipo, siku yoyote ya Jumamosi.