Hesabu ya Umeme Si ya Fundi Peke Yake



Umeme umefika katika vijiji vingi vya mkoa wetu wa Shinyanga. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimesogea mbali na barabara kuu. Pasipo na nguzo, watu wengi wanatumia sola. Hayo ni maendeleo. Lakini wengi wetu tunamwachia fundi kila kitu. Fundi anasema, "Waya huu unatosha." Sisi tunaitikia na kulipa.

Mimi nasema tuache desturi hiyo. Mtu anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kulipima neno la fundi yeye mwenyewe.

Tukumbuke mizani ya pamba. Zamani wakulima wa Usukuma walipeleka pamba kwa wanunuzi, na mwenye mizani ndiye aliyesoma namba. Wakulima walilalamika kwamba wanapunjwa. Wakaanzisha vyama vya ushirika, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Kanda ya Ziwa. Somo lake ni hili: asiyesoma mizani hupunjwa. Umeme nao una mizani yake. Tena asiyeisoma anaweza kupoteza fedha, nyumba, hata maisha.

Namba za mizani hiyo ni hizi. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Wati ni nguvu ambayo chombo kinatumia. Fikiria pipa la maji lenye mpira. Ukiliinua pipa juu, maji yanasukumwa kwa nguvu zaidi: hizo ni volti. Maji mengi yanayopita kwenye mpira ndiyo ampea. Mpira mwembamba unayabana maji. Ubanaji huo, kwa upande wa umeme, unaitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu.

Sasa shika kalamu. Kanuni ni hizi:

Wati = volti × ampea.
Ampea = wati ÷ volti.
Omu = volti ÷ ampea.

Umeme wa TANESCO wa nyumbani ni volti 230. Tuseme pasi yako imeandikwa wati 1,150. Gawanya: 1,150 ÷ 230 = ampea 5. Birika la umeme limeandikwa wati 2,300. Gawanya: 2,300 ÷ 230 = ampea 10. Ukinzani wa pasi ni 230 ÷ 5 = omu 46. Wa birika ni 230 ÷ 10 = omu 23. Umeona? Chombo chenye ukinzani mdogo ndicho kinachovuta umeme mwingi.

Ukichomeka pasi na birika pamoja kwenye ekstensheni moja, zinapita ampea 15. Kama ekstensheni imeandikwa ampea 10, umeibebesha mzigo usio wake. Ni sawa na kumpakia punda mmoja mzigo wa punda wawili.

Waya nao una ukinzani, ingawa ni mdogo. Hapo ndipo joto linapotoka. Joto la waya = ampea × ampea × omu. Tuseme waya una nusu omu. Ukiwa na pasi peke yake: 5 × 5 × 0.5 = wati 12.5. Ukiwa na pasi na birika: 15 × 15 × 0.5 = wati 112.5. Umeme umezidi mara tatu, lakini joto limezidi mara tisa! Waya mwembamba uliokunjwa chini ya mkeka au godoro hauwezi kulivumilia joto hilo.

Wengine husema, "Sola haina nguvu, waya wowote unatosha." Hilo si kweli. Vyombo vya wati 60 kwenye betri ya volti 12 vinavuta 60 ÷ 12 = ampea 5, sawasawa na ile pasi. Waya ukiwa na nusu omu, unapoteza 5 × 0.5 = volti 2.5. Katika volti 12 zinabaki 9.5. Taa zinafifia, redio inazima, nawe unalaumu betri. Unanunua betri mpya, kumbe tatizo ni waya.

Najua wapo watakaosema, "Kazi ya fundi mwachie fundi." Ni kweli, kufunga waya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Usifungue soketi wala kushika waya wenye umeme. Mashine za kusaga na pampu nazo zina hesabu zake zaidi ya hizi. Lakini kuuliza si kumnyang'anya fundi kazi. Fundi mzuri hachukii swali. Mwulize, "Waya huu unabeba ampea ngapi? Vyombo vyangu vitavuta 15." Akikujibu kwa namba, mwamini. Akikujibu kwa hasira, tafuta mwingine.

Na fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala waya mnene. Fyuzi ni mlinzi. Ukimfunga mlinzi, mwizi anaingia.

Hatukujifunza kusoma ili tuandike majina yetu tu. Leo jioni soma maandishi yaliyo chini ya kila chombo cha umeme nyumbani kwako. Andika wati zake katika daftari, kisha gawanya kwa volti. Jumlisha ampea za vyombo vinavyotumika pamoja.

Zoezi
1. Jiko la umeme la wati 1,840 kwenye volti 230 linavuta ampea ngapi?
2. Ukinzani wake ni omu ngapi?
3. Je, ekstensheni ya ampea 10 inaweza kubeba jiko hilo pamoja na pasi ya ampea 5? Eleza kwa nini.