Mshale Usishuke Chini ya Nusu

Mtumishi wa umma aliyezoea kuendesha gari Unguja, kisiwa chenye urefu wa kilomita zipatazo 85, hana sababu kubwa ya kutaharuki aonapo taa ya mafuta imewaka. Kituo hakiko mbali. Mtumishi huyo huyo akipangiwa kazi katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, akaenda na mazoea yale yale, iko siku atalala njiani. Huko vituo vingi vya mafuta viko mijini, kama vile Mbulu, Haydom na Katesh, ilhali wananchi anaopaswa kuwahudumia wametawanyika vijijini, penye njia za udongo, miteremko mikali ya Bonde la Ufa, na matope wakati wa mvua.

Rai yetu ni kwamba katika wilaya hizo gari la dizeli lijazwe mafuta mshale ufikapo nusu. Lisingojewe mpaka robo, sembuse taa.

Wako watakaosema kuwa huo ni woga. Hao wanasahau kwamba dizeli si petroli. Gari la petroli likiishiwa, aghalabu hutiwa lita tano likawaka. La dizeli likikauka, upepo huingia katika mabomba yake, na hata likitiwa mafuta huenda lisiwake mpaka upepo huo utolewe. Aidha, katika magari mengi pampu inayosukuma mafuta hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikizunguka kavu husagika, na chembe za chuma hufika mpaka kwenye nozeli. Magari ya siku hizi husukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa mno, na uharibifu wa namna hiyo hula fedha nyingi za umma. Nahodha wa Pemba mwenye mashine ya dizeli hahitaji kuelezwa zaidi, kwani upepo ukimwingilia mkondoni, bahari haimngojei fundi. Katika milima ya Mbulu hatari huja mapema zaidi: gari likiinama, mafuta machache hukimbilia upande mmoja wa tangi, mshale ukadanganya, na bomba likavuta hewa ilhali lita kadhaa bado zimo.

Kuna na maji. Nyanda za juu za Mbulu huwa na baridi kali usiku, hasa miezi ya Juni na Julai. Tangi lililo nusu tupu limejaa hewa, na hewa hiyo ipoapo huacha umande unaozama chini ya dizeli. Umande wa usiku mmoja ni kitu kidogo. Wa msimu mzima huleta kutu na kuziba chujio. Ndiyo maana ajazaye jioni, kabla gari halijalala, amefanya vyema kuliko ajazaye asubuhi. (Na akikuta lori linashusha mafuta kituoni, heri asubiri, kwa sababu wakati huo taka na maji ya chini huwa vimetibuliwa.)

Wapo pia wanaochelewesha kujaza wakiotea Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo. Kati ya Julai na Agosti 2023 dizeli ilipanda jijini Dar es Salaam kutoka shilingi 2,544 hadi 2,935 kwa lita, na katika majuma hayo yapo maeneo ambako mafuta yenyewe yaliadimika vituoni. Hata kama bei ingeshuka kwa kiasi hicho hicho, faida ya lita 40 ingekuwa shilingi 15,640. Je, hiyo ndiyo thamani ya gari la wagonjwa lililozimika kati ya Basotu na Katesh?

Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliporomokea mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na barabara zilizibwa. Siku ya namna hiyo gari lina faida kwa kadiri ya mafuta liliyolala nayo jana yake.

Dereva hastahili lawama yote. Ofisi nyingi hutoa mafuta kwa safari moja moja, na kibali kikakaa mezani kikingoja saini ya mkubwa aliye mkutanoni. Tunaelewa hofu iliyoleta utaratibu huo: tangi lililojaa humvutia mwizi mwenye mpira na dumu. Lakini mwizi huyo hunyonya hata tangi la nusu. Kinachomzuia ni daftari la safari linalolinganishwa kila juma, lita kwa kilomita, na mtu anayeulizwa hesabu zisipokubaliana. Wakurugenzi wa halmashauri za Mbulu na Hanang watoe kibali cha mwezi mzima badala ya kibali cha safari, waanze na magari ya wagonjwa, na utaratibu uwe tayari kabla ya mvua zijazo.