Jasho na Sukari ya Baba

Akina mama wenzetu, kama baba wa nyumbani ana kisukari mnaijua kazi yake: kumtoboa kidole kila siku, naye ananung'unika kuliko mtoto. Basi tangazo likisema iko saa ya mkononi au pete inayopima sukari kwa kugusa ngozi tu, bila damu, mkono unakwenda kwenye pochi. Tungoje kwanza.

Si kwamba jasho halina habari. Kiangazi cha mwaka 1948 joto kali liliupiga mji wa New York, na baadhi ya watoto walioletwa hospitali wakiwa hoi walikuwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mapafu na kongosho ambao daktari mwanamke, Dorothy Andersen, aliueleza mwaka 1938. Mwaka 1953 Paul di Sant'Agnese na wenzake wakaonyesha kwamba jasho la watoto hao lina chumvi kupita kiasi. Mama akimbusu mtoto wa namna hiyo huonja chumvi mdomoni! Tangu mwaka 1959 kipimo chake kinajulikana: dawa ya kutoa jasho huingizwa kwenye ngozi ya mkono kwa umeme hafifu, jasho likakusanywa na kupimwa. Hakuna sindano, na madaktari wanakitumia hadi leo.

Lakini chumvi ni nyingi katika jasho. Sukari ni kidogo mno, yapata mara mia pungufu kuliko ya damu, tena huchanganyika na uchafu wa ngozi. Watafiti wanaendelea kuhangaika nayo. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Fikirini, mama, saa imesema sukari iko juu kumbe iko chini, nanyi mkampa baba insulini. Anaweza kuzimia, hata kufa.

Kile kidude kinachobandikwa mkononi kwa siku kadhaa ni kitu kingine. Kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Muulizeni daktari kama kinamfaa.

Na kidole kikiuma, toboeni pembeni mwa ncha, si katikati, na mbadilishe kidole kila mara. Kabla ya hapo baba anawe kwa sabuni na kujikausha, maana mkono uliotoka kumenya embe hudanganya kipimo.