Hesabu Inayowafanya Watu Waongo

Ipo hesabu moja ninayoichukia. Nilifundisha hisabati miaka mingi kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nami nasema hesabu hii inadanganya, ingawa kugawanya kwake ni sahihi. Inasema kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Basi anayepunguza kalori 500 za chakula kwa siku atapungua karibu nusu kilo kila wiki. Hapo wengi huitikia kwa kichwa. Lakini hebu tuiendeleze. Mtu wa kilo 80 akiishika amri hiyo atapungua kilo 23 na ushei kwa mwaka, na kabla mwaka wa nne haujafika nusu atakuwa ametoweka, zimebaki nguo kitini. Mwanafunzi angeniletea jibu hilo ningemrudishia daftari lake.

Wanaoitetea husema nishati haipotei. Kweli, haipotei. Ila wao wanachukulia kuwa matumizi ya mwili hayabadiliki kamwe. Chukua pipa lenye tundu chini, linalojazwa kwa bomba. Ukipunguza maji ya bomba, kina hushuka. Lakini kadiri kina kinavyoshuka, ndivyo na msukumo kwenye tundu unavyopungua, mpaka yaingiayo na yatokayo yawe sawa. Hapo kina hutulia. Mwili nao, ukipungua, hutumia kidogo, na juu ya hayo hujibana, kana kwamba pipa lina kidole cha kuziba tundu. Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliyaweka mambo haya katika milinganyo, wakayachapisha katika jarida la The Lancet mwaka 2011. Kwa kadirio lao, kumpunguzia mtu mnene kalori 24 kwa siku, siku zote, humwondolea kilo moja tu: nusu yake kwa mwaka mmoja, na karibu yote kwa miaka mitatu. Basi wa kalori 500 hupungua kilo kumi hivi mwaka wa kwanza, wala si 23.

Tofauti hiyo si ndogo. Dada yangu, mwanamke mkweli kuliko mimi, aliambiwa mbele ya wagonjwa wenzake kwamba anakula kwa siri, kwa kuwa mizani haikufuata karatasi ya mganga. Alirudi nyumbani analia. Karatasi ndiyo iliyosema uongo, lakini karatasi haioni haya.

Upande wa pili ni mbaya zaidi, maana huko watu hawakuchagua kupungua. Wakati mmoja mgao wa chakula chuoni ulipunguzwa, na ofisa mmoja akaja kupima uzito wa wanachuo. Walikonda miezi ya kwanza, kisha mizani ikatulia. Akaandika kuwa mgao unatosha, wanachuo wamezoea.

Wamezoea! Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwalisha vijana 36 nusu ya shibe kwa majuma 24. Walikuwa wamekataa kubeba silaha, wakajitolea ili ijulikane namna ya kuwahudumia walioshindishwa njaa na vita. Walipoteza kama robo ya uzito wao, na kuelekea mwisho upungufu ulikuwa umepoa sana. Afisa wetu angesema wametosheka. Lakini vitabu viwili vinene alivyotoa Keys na wenzake mwaka 1950 vinaeleza kilichogharimia utulivu huo: nishati inayotumiwa na mwili uliopumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40, moyo ukapiga polepole, wakasikia baridi, wakawaza chakula mchana na usiku, na waliokuwa wameanza masomo wakayaacha. Mwili haukuwa umepata mahitaji yake. Ulikuwa umefunga vyumba na kuzima taa.

Kwa hiyo uzito uliotulia hauthibitishi shibe. Unaonyesha tu kwamba kinachoingia na kinachotoka vimelingana, na vinaweza kulingana chini kabisa. Anayetaka kujua kama mgao unatosha asiishie kwenye mizani. Chuoni kwetu siku zile, saa nne asubuhi, nusu ya darasa walikuwa wamelaza vichwa mezani. Uwanja wa mpira uliota nyasi. Kwenye mazoezi ya kufundisha, vijana wa miaka 20 waliegemea ukuta wakiandika ubaoni. Fomu ya ofisa haikuwa na nafasi ya kuyajaza hayo, naye hakuuliza.