Kenya: Mwongozo wa mwalimu na hatima ya mtoto wa dawati la nyuma

Mijadala ya elimu katika nchi jirani ya Kenya huelekea zaidi kwenye mtaala mpya, fedha za shule na uhaba wa walimu. Liko hata hivyo swali kongwe kuliko hayo yote, nalo huwagusa wazazi wa pande zote mbili za mpaka: mtoto aliyefika darasa la tatu bila kujua kusoma afanyiwe nini?

Swali hilo lilipata uzito karibu na mwaka 2010, pale tathmini za Uwezo zilipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Watoto walipewa aya fupi na hesabu za kiwango cha darasa la pili. Ilibainika kwamba wengi wa waliokuwa darasa la tatu hawakuzimudu. Watoto walikuwa shuleni na madaftari yao yalikuwa yamejaa maandishi yaliyonakiliwa ubaoni, lakini kusoma hawakujua.

Miongoni mwa waliotafuta jibu ni mtafiti wa Kimarekani Benjamin Piper, aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi chini ya taasisi ya RTI International kabla ya kuhamia Wakfu wa Gates. Kati ya mwaka 2011 na 2014, yeye na wenzake, Wakenya na wageni, walishirikiana na Wizara ya Elimu ya Kenya katika mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR. Mpango wao ulikuwa rahisi kuueleza. Kundi moja la shule lilipata mafunzo ya walimu pamoja na maafisa wa kuwatembelea madarasani. Kundi la pili lilipata hayo na kitabu kimoja kwa kila mtoto. Kundi la tatu lilipata yote hayo na kuongezewa mwongozo wa mwalimu, wenye kupanga somo la kila siku hatua kwa hatua.

Kundi la tatu ndilo lililotia fora. Tena, gharama ilipolinganishwa na matokeo, mwongozo ule ulionekana kuwa nyongeza yenye faida kubwa kwa bei ndogo. Mwezi Januari 2015 serikali ya Kenya ilianzisha Tusome, programu ya kusoma Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi za umma, zaidi ya 20,000 kwa idadi. Ufadhili ulitoka Marekani na Uingereza.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1960, Siegfried Engelmann, aliyekuwa mtu wa matangazo ya biashara kabla ya kuingia katika elimu, alishirikiana na Carl Bereiter katika Chuo Kikuu cha Illinois kufundisha watoto wadogo wa familia maskini. Kutokana na kazi hiyo kulizuka njia inayojulikana kama ufundishaji wa moja kwa moja. Msingi wake ni kwamba mwanafunzi asipoelewa, kosa litafutwe kwanza katika somo na wala si katika akili ya mtoto. Kwa hiyo somo hugawanywa vipande vidogo, kila kipande hufanyiwa mazoezi hadi kishike, na mwalimu husahihisha kosa papo hapo kabla halijaota mizizi. Katika jaribio kubwa la serikali ya Marekani lililoitwa Follow Through, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1977, njia hiyo iliongoza miongoni mwa zilizolinganishwa katika stadi za msingi. Wapo wataalamu waliopinga namna tathmini hiyo ilivyofanywa, na ubishi huo haujazimika kabisa hadi leo.

Darasani, sura ya mambo ni hii. Mwalimu hutamka sauti ya herufi m, kisha darasa zima hutamka pamoja naye, kisha mtoto mmoja mmoja hutamka peke yake. Kutoka hapo huja silabi ma, me, mi, mo, mu. Kisha neno, kisha sentensi, kisha hadithi fupi na maswali yake. Kiswahili hunufaika na mpangilio huu kwa sababu karibu kila herufi hubaki na sauti yake ileile popote iandikwapo. Utafiti mwingine wa Piper na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulitoa tahadhari muhimu kwa wapenzi wa lugha: watoto wa Kenya waliopimwa walisoma maneno ya Kiingereza kwa kasi zaidi, lakini walielewa zaidi waliposoma Kiswahili au lugha ya mama. Kasi ya kutamka, basi, si kipimo kamili cha kusoma.

Kwa nini mtoto anayechechemea ndiye anayehitaji zaidi mpangilio wa namna hii? Kenya yenyewe ilikwisha kutoa ushahidi. Utafiti wa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kugawa vitabu vya kiada peke yake katika shule za vijijini kuliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari wakifanya vizuri, kwani vitabu vilikuwa vya Kiingereza kigumu ambacho wengine hawakukimudu. Mwanafunzi hodari huweza kujaza mwenyewe pengo lililoachwa na mwalimu. Aliyeachwa nyuma hana cha kujazia, na kila hatua inayorukwa humzidishia umbali.

Matokeo ya mwanzo ya Tusome yalitia moyo. Katika muda usiofika miaka miwili, idadi ya wanafunzi wa darasa la pili waliofikia kiwango cha kusoma kilichowekwa na serikali ilipanda kutoka takriban theluthi moja hadi karibu theluthi mbili, katika lugha zote mbili. Ni nadra kuona badiliko la ukubwa huo katika mfumo mzima wa umma, maana miradi mingi hung'ara katika shule chache na kufifia inapokabidhiwa taifa.

Siri haikuwa kitabu peke yake. Maafisa wa usaidizi wa mtaala, waliokuwa waajiriwa wa serikali tangu hapo, walipewa vishikwambi. Walitakiwa kuingia madarasani, kuangalia somo, kuwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kumshauri mwalimu. Kishikwambi kilirekodi mahali afisa alipo, na nauli yake ililipwa kulingana na shule alizozifikia. Hapo awali afisa wa elimu alifika shuleni akiulizia kumbukumbu na rejista, ilhali sasa alikuja kuona kama watoto wanasoma.

Lawama nazo zipo, na hazipasi kupuuzwa. Kubwa ni kwamba mwongozo humgeuza mwalimu kuwa msemaji wa maneno ya mwingine. Ubishi huo ulipamba moto kwa sababu ya shule binafsi za Bridge, zilizoanza Nairobi mwaka 2009 na kutumia masomo yaliyoandikwa neno kwa neno, mwalimu akiyasoma kutoka kwenye kifaa cha kielektroniki. Kwetu Uganda shule hizo ziliingia katika mgogoro na serikali kuhusu viwango na vibali, na mwaka 2016 Mahakama Kuu iliunga mkono uamuzi wa kuzifunga. Hata hivyo utafiti wa Kremer na wenzake kuhusu wanafunzi waliopata ufadhili kwa bahati nasibu katika shule hizo nchini Kenya ulikuta wamepiga hatua kubwa katika masomo. Yawezekana basi njia ya kufundisha ikafaa huku uendeshaji wa shule ukibaki na maswali mazito.

Kuhusu lawama yenyewe, Piper na wenzake walichunguza miongozo ya walimu katika nchi 13. Walikuta kwamba miongozo kwa jumla iliinua matokeo ya wanafunzi, lakini ile iliyoandika kila neno la mwalimu haikufanya vizuri kama ile mifupi iliyoonyesha hatua na kumwachia mwalimu nafasi ya kutumia busara yake. Wanaopinga miongozo ya neno kwa neno wana hoja, basi, lakini hoja hiyo haitoshi kuitupa miongozo yote.

Ubaki pia ukweli kwamba theluthi moja ya watoto walikuwa bado chini ya kiwango. Somo moja likienda kwa mwendo mmoja kwa darasa zima, yupo atakayeachwa. Jaribio la mwaka 2005 magharibi mwa Kenya, lililofanywa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer, lilionyesha kuwa kuwagawa wanafunzi wa darasa la kwanza kwa viwango vyao kuliwafaa hodari na dhaifu pia, kwa kuwa mwalimu aliweza kuanzia pale walipo. Pengine mwongozo mzuri na makundi ya viwango ni mambo ya kwenda pamoja.

Kwa Uganda haya si habari za ng'ambo tu. Shule zetu zilifungwa au kufunguliwa nusunusu kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, na waliopoteza zaidi ni wale waliokuwa ndio kwanza wanajifunza kusoma. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Walimu wenye kukimudu Kiswahili hawatoshi, na mwalimu ambaye naye bado anajifunza lugha anahitaji mwongozo wa hatua kuliko mwingine yeyote.

Lakini tunalo onyo la hapa nyumbani. Katika eneo la Lango, kaskazini mwa nchi, programu ya kusoma kwa lugha ya mama ilijaribiwa kwa namna mbili: kamili, na iliyopunguzwa gharama. Watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton walikuta kwamba ile kamili iliinua usomaji kwa kiasi kikubwa mno. Ile iliyopunguzwa ilileta faida ndogo katika kusoma, na katika kuandika watoto walirudi nyuma.

Hilo ndilo la kuangaliwa sasa, Kenya na hapa kwetu. Shirika la Marekani la USAID, lililobeba sehemu kubwa ya gharama za programu za aina hii katika Afrika Mashariki, lilifungwa mwaka 2025. Kilicho rahisi kukata katika bajeti ni nauli ya afisa anayekwenda kumsikiliza mtoto akisoma, kwa kuwa hakuna jengo litakalobomoka siku hiyo. Hasara yake huonekana baada ya miaka mitatu, katika dawati la nyuma.