Shangazi wa Pembeni

Siku hizi wapiga picha wengine wa arusi huja na lenzi pana mno, ya milimita 14. Katika kamera ya filamu ya milimita 35 huona nyuzi 114 toka pembe hata pembe; lenzi ya kawaida ya milimita 50 huona nyuzi 47 hivi. Haisogezi vitu karibu: mwenyewe akitaka kukaribia hutumia miguu yake. Ndani ya kanisa dogo ni msaada kweli. Akisimama mlangoni hupata altare, kuta zote mbili, hata dari.

Picha zikirudi ndipo manung'uniko huanza. Bibi arusi yu sawa, lakini shangazi aliye mwisho wa mstari kichwa kimetanuka kama boga! Lenzi si mbovu. Ili kuta zitoke zimenyoka, haina budi kuvitandaza vitu vya pembeni.

Matata ya pembeni ni ya zamani. Mwaka 1900 kiwanda cha Goerz cha Berlin kilitoa lenzi iitwayo Hypergon, pana kupita hii. Nuru ilififia kandoni, basi mbele yake wakaweka kigurudumu cha umbo la nyota, kilichozungushwa kwa upepo wa mpira wa kuminya, kupunguza nuru ya katikati. Werevu ulioje!

Bibi mwenye miaka 80 pengine hatapigwa picha nyingine. Mwambieni mpiga picha amweke katikati; pembeni waachieni miti. Mstari ukiwa mrefu, watu watoke uwanjani, naye arudi nyuma na lenzi ya kawaida. Tena asiinamishe kamera, kuta za kanisa zisije zikaonekana zinaanguka.